MAZUNGUMZO YA JIONI: Msaada katika Fumbo la Gazeti



Mwezi uliopita tulipata barua ya kijana mmoja asomaye shule ya sekondari, na maneno yake yalikuwa machache. Asema ya kuwa baba yake hununua gazeti la Kiingereza kila siku, na katika kurasa za nyuma mna fumbo la maneno, lile lenye miraba myeupe na myeusi. Naye amejizoeza kulijaza baada ya chakula cha jioni. Lakini hawezi kulimaliza. Kila siku hubaki maneno matatu au manne yaliyomshinda. Basi atuuliza hivi: "Je, nikitazama kamusi, au nikimwuliza mwenzangu, au nikitafuta jibu katika simu, nimedanganya? Na kama sikudanganya, msaada wa halali ni upi?"

Twakiri kwamba tulipoisoma barua hii mara ya kwanza tulicheka, tukaiweka kando, maana tulidhani ni neno la mchezo tu. Baadaye tukakumbuka kosa tulilolifanya sisi wenyewe katika neno hili hili, ambalo tutalisimulia hapa chini, nasi tukaona ya kuwa si la mchezo. Kwa hiyo twamjibu leo, na wengine wasikilize.

Kwanza yafaa tulieleze fumbo lenyewe, kwa ajili ya wale wasiolijua. Ni mraba mkubwa uliogawanywa kuwa miraba midogo, na katika magazeti mengi ya kila siku desturi ni miraba 15 kwa upana na 15 kwa urefu. Mingine ni myeupe, mingine ni myeusi. Katika kila mraba mweupe huandikwa herufi moja. Ule mweusi hauandikwi kitu, kazi yake ni kutenga neno na neno kama ukuta utengavyo chumba na chumba. Maneno mengine hulala, yaani husomwa toka kushoto kwenda kulia. Mengine husimama, yaani husomwa toka juu kwenda chini. Ukiligeuza gazeti juu chini, mara nyingi utaona ya kuwa miraba myeusi imekaa vile vile kama kwanza, maana ndiyo desturi ya watungaji. Kando yake pana madokezo, kila moja na nambari yake.

Basi siri ya fumbo hili ni makutano. Tuseme dokezo ni hili: "Mnyama wa nyumbani, herufi 4." Mmoja atasema paka, mwingine atasema mbwa, na wote wawili wana haki. Lakini ikiwa neno la kusimama limekwisha kujazwa, nalo limeacha herufi B katika mraba wa pili, paka hana nafasi tena, ni mbwa. Hivyo neno ulijualo hukusaidia kulipata lile usilolijua, na hilo nalo hukusaidia kupata jingine. Kijana wetu na aangalie sana jambo hili, kwa kuwa msaada wa kwanza umo ndani ya fumbo lenyewe. Aanze na maneno mepesi popote yalipo, wala asiijie nambari 1 na kukaa hapo mpaka usiku wa manane.

Fumbo hili si la kale kama wengi wadhanivyo. Mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool katika Uingereza, aliyehamia Marekani akafanya kazi katika gazeti la New York World. Tarehe 21 Desemba 1913, siku ya Jumapili, gazeti hilo lilitoa fumbo lake la kwanza, lenye umbo la almasi na uwazi katikati. Yeye aliliita "Word-Cross". Lakini baada ya majuma machache wapanga herufi katika kiwanda cha chapa walikosea wakageuza maneno hayo mawili, likawa "Cross-Word", na jina hilo la makosa ndilo lililodumu hata leo.

Kwa miaka kumi fumbo lilikaa karibu peke yake katika gazeti hilo. Hata mwaka 1924 vijana wawili wa New York, Simon na Schuster, walioanzisha kampuni ya kuchapa vitabu, wakatoa kitabu cha mafumbo kikiwa ndicho kitabu chao cha kwanza, na kila kitabu kilifungiwa penseli yake. Watu wakakinunua kwa wingi usiotazamiwa. Mwaka huo huo gazeti la New York Times liliyalaumu mafumbo haya, likasema ni upotevu wa wakati ulio dhambi, na kwamba yatapita upesi. Hayakupita. Baada ya Pearl Harbor kupigwa Desemba 1941, wakuu wa gazeti hilo hilo waliona ya kuwa watu watahitaji kitu cha kuwatuliza katika saa za giza, wakatoa fumbo lao la kwanza tarehe 15 Februari 1942. Na tangu tarehe 11 Septemba 1950 hulitoa kila siku. Aliyelilaumu jambo kwa sauti kuu huja akalipokea kwa mikono miwili.

Huko Uingereza gazeti la Sunday Express lilianza kuchapa fumbo Novemba 1924, na Daily Telegraph likafuata Julai 1925. The Times lilikawia mpaka tarehe 1 Februari 1930. Mtungaji wake wa kwanza alikuwa Adrian Bell, mkulima wa Suffolk, ambaye mpaka siku alipoitwa kwa kazi hiyo hakuwa amewahi kulijaza fumbo hata moja. Naye akaja akatunga maelfu. Twataja habari hii ili msomaji asiseme moyoni mwake, "Mimi si mtu wa mafumbo." Hakuna aliyezaliwa nayo.

Sasa, yako mafumbo ya namna mbili, na ni lazima kuyatenga, maana msaada wake si mmoja. Namna ya kwanza ni ile ya Kimarekani, ambayo dokezo lake ni maelezo ya neno, ijapokuwa mara nyingine huelezwa kwa ujanja. Katika New York Times fumbo la Jumatatu ndilo jepesi, nayo huzidi kuwa magumu siku kwa siku mpaka Jumamosi. Na la Jumapili ni kubwa, miraba 21 kwa 21. Mwenye kujifunza na aanze na la Jumatatu.

Namna ya pili ni ile ya Kiingereza chenyewe, ambayo dokezo lake husema neno moja na kuficha jingine. Hapo mgeni husoma sentensi akaona haina maana hata kidogo. Lakini kwa desturi kila dokezo lina sehemu mbili: upande mmoja ni maana ya neno litakiwalo, na upande wa pili ni njia ya kulipata kwa herufi zake. Hebu tujaribu kwa Kiswahili chetu. Dokezo lasema: "Yule paka ziwani aficha shughuli, herufi 4." Usimtafute paka wala ziwa. Tazama herufi za maneno "paka ziwani" kwa utaratibu, nawe utaona ndani yake neno "kazi", lianzalo ndani ya paka na kuishia ndani ya ziwa. Na kazi ni shughuli. Tena dokezo jingine: "Kalamu iliyovurugika ni chakula, herufi 6." Zivuruge herufi za "kalamu", uzipange upya, utapata "makula".

Watu wetu wa pwani hawawezi kusema ya kuwa jambo hili ni geni. Wazee wa Unguja walikuwa na mchezo wa kusema kinyume, wakitoa silabi ya mwisho na kuitia mbele, hata nyumba ikawa "mbanyu", na asiyejua hakusikia neno. Wala vitendawili si vigeni kwa mtoto yeyote wa Kiswahili. "Nyumba yangu haina mlango": nani asiyejua ya kuwa ni yai? Na katika vitendawili vyetu msaada una sheria yake tangu kale. Mtegaji asema, "Kitendawili!" Wenzake wajibu, "Tega!" Wakishindwa huambiwa, "Nipeni mji." Ndipo huutoa mji wao, mmoja au zaidi, mpaka mtegaji aridhike, kisha hulitoa jibu mbele ya wote. Hapana aibu ndani yake. Aliyeshindwa hulipa, akasikia, akacheka, na usiku wa pili ndiye atakayewatega wengine kwa kitendawili kile kile.

Tukiisha kusema hayo, na tuje kwenye swali la kijana wetu. Msaada wa fumbo la gazeti ni wa daraja nyingi, nasi twazipanga toka ulio karibu hata ulio mbali.

Msaada wa kwanza ni makutano, tuliokwisha kuueleza. Wa pili ni muda. Neno likikushinda jioni, liache. Liweke gazeti juu ya meza ukalale. Wengi wameona ya kuwa asubuhi, wakinawa uso, neno lenyewe huja bila kuitwa. Na andika kwa penseli, maana aandikaye kwa wino huona haya kufuta, na aonaye haya kufuta hushikamana na kosa lake mpaka limwangushe na maneno ya jirani.

Wa tatu ni kamusi. Hapa twasema wazi: kutazama kamusi si kudanganya. Huko Uingereza wajazaji wengi hutumia kamusi ya Chambers, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1901, na watungaji nao huitazama hiyo hiyo. Tena yuko mama mmoja, Anne Bradford, aliyeanza mwaka 1957 kuandika kila jibu alilolipata katika mafumbo, akilipanga chini ya dokezo lake; naye akaendelea mwaka hata mwaka, na mwaka 1986 orodha yake ikachapwa kuwa kitabu cha kuwasaidia wajazaji. Yeye hakupewa jibu na mtu, bali alijiwekea akiba. Kijana wetu aweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari la senti chache: kila siku aandike maneno matatu yaliyomshinda, pamoja na madokezo yake. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na maneno zaidi ya elfu.

Wa nne ni mtu mwingine, nao tutaurudia.

Wa tano ni mashine. Zamani magazeti kadhaa ya Ulaya na Marekani yaliweka nambari za simu za kulipia. Mtu aliyeshindwa alipiga, akaambiwa jibu, akalipa gharama yake, kama vile kutoa mji. Leo simu ya mkononi hufanya yote. Ukiandika herufi ulizo nazo na kuacha nafasi kwa usizokuwa nazo, hukuletea orodha ya maneno yawezayo kuingia. Na ukiandika dokezo zima, mara nyingi hukupa jibu lenyewe kwa kufumba na kufumbua. Orodha ya maneno bado yakuachia kazi ya kuchagua. Jibu zima halikuachii kitu.

Wa sita ni jibu la kesho, yaani lile lichapwalo katika gazeti lifuatalo. Huu wadharauliwa, kumbe ndio mwalimu mkubwa. Usilisome ili kujua tu ya kuwa ulikosa. Chukua fumbo la jana, liweke kando ya majibu, na kwa kila neno ulilolikosa ujiulize: Dokezo hili lilielekeza wapi? Nilidanganyika na neno gani? Fanya hivyo mwezi mmoja, utashangaa.

Je, udanganyifu uko wapi basi? Uko mahali pawili. Kwanza ni katika mashindano yenye sheria. Mwezi wa Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph liliwaalika wajazaji kuja katika ofisi zake mjini London, wajaribu kumaliza fumbo kwa dakika 12 bila msaada wowote. Waliokuja walikaa kila mtu na meza yake, na saa ikahesabiwa. Baadaye baadhi yao waliletewa barua na serikali wakaitwa kazi ya kufumbua maandishi ya siri ya maadui huko Bletchley Park. Katika mashindano kama hayo, mwenye kumchungulia jirani ni mwizi. Lakini angalieni jambo hili: walipimwa kila mtu peke yake, na kazi waliyoitiwa ilifanywa na maelfu ya watu kwa pamoja, huyu akishika kipande na huyu kipande.

Mahali pa pili ni pale mtu ajisifiapo kazi ya mwenziwe. Katika nyumba yako hapana mwamuzi wala zawadi. Kama umesaidiwa, sema, "Nimesaidiwa," na neno limekwisha.

Hata watungaji wenyewe husaidiwa. Katika vita ile ile alikuwako mwalimu mkuu jina lake Leonard Dawe, ambaye shule yake ilikuwa imehamishiwa Effingham katika Surrey, na ndiye aliyekuwa akitunga mafumbo ya Daily Telegraph. Mwezi wa Mei 1944 maneno ya siri ya majeshi yaliyokuwa tayari kuvuka kwenda Ufaransa yalianza kuonekana katika mafumbo yake, moja baada ya moja: Utah, kisha Omaha, kisha Overlord, kisha Mulberry, na tarehe 1 Juni likatoka Neptune. Siku ya kuvuka ilikuwa tarehe 6 Juni. Maofisa wa usalama wakamjia mwalimu huyo wakamhoji kwa ukali, wakidhani ni mpelelezi. Wasione hatia kwake. Ikapita miaka 40. Mwaka 1984 mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alisema ya kuwa mwalimu alikuwa na desturi ya kuwapa wavulana miraba mitupu waijaze maneno, kisha yeye akayatungia madokezo. Nao wavulana walikuwa wakiyasikia maneno yale kwa askari waliopiga kambi karibu na shule. Alisema tena ya kuwa mwalimu alipoona daftari lake alimwamuru alichome moto, akamwapisha asiseme. Twaona hapo ya kuwa jina moja lilichapwa chini ya kazi ya wengi, na mzigo wake ulikuwa mzito.

Sasa na tusimulie kosa letu.

Jirani yetu ni mzee wa miaka zaidi ya 80, aliyekuwa karani wa reli tangu ujana wake, zamani reli zilipokuwa moja kwa nchi zetu tatu. Kazini alifundishwa na karani mwenziwe kujaza fumbo la gazeti, naye hakuliacha tena. Gazeti lake hufika kwa basi la mchana, na saa kumi na moja humkuta barazani, miwani puani na penseli sikioni. Mkewe alikuwa mtu wa pwani, hakusoma Kiingereza ila maneno machache. Walakini walijaza pamoja, kwa namna ambayo hatujaiona kwingine. Mzee husoma dokezo, akalieleza kwa Kiswahili: "Mama, ni mti, mgumu, mweusi." Naye mkewe, akipepeta mchele, hujibu, "Si mpingo huo?" Ndipo mzee huhesabu miraba mitano, akaandika EBONY. "Ni chombo, chatweka tanga, cha Waarabu." "Jahazi. Au dau." Mzee hufikiri kidogo, akaandika DHOW. Mara nyingine mkewe alikosa, nao wakabishana mpaka taa ikawashwa.

Mwaka jana mama yule alifariki. Zikipita siku arobaini mzee alirudi barazani na gazeti lake. Jioni moja tulipita tukamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akasema, "Marahaba, Mwalimu. Karibu. Njoo unisaidie, maneno matatu yamenishinda." Sisi tulikuwa na haraka, maana palikuwa na watu waliotungoja. Tukasimama pale pale penye ngazi, tukatoa simu mfukoni, tukayaandika madokezo matatu. Na kabla ya dakika mbili kwisha tulikuwa tumekwisha kumwambia majibu yote, herufi kwa herufi. Aliyaandika. Akasema, "Ahsante, Mwalimu," kwa adabu yake ya siku zote, akalikunja gazeti. Nasi tukaenda zetu, mioyo ikitwambia ya kuwa tumetenda mema.

Siku ya pili tulipopita, gazeti lilikuwa juu ya kiti, halijakunjuliwa. Siku ya tatu vivyo hivyo. Hata juma zima likapita, magazeti yakawa rundo. Tukamwuliza, "Mzee, je, macho yanakusumbua?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Macho mazima, Mwalimu. Lakini siku ile mimi nilikuomba msaada, wewe ukanipa majibu. Nikafikiri, kama ni majibu, yamo katika gazeti la kesho, hata sina haja ya kuchoka." Tena akasema, "Marehemu hakunipa jibu hata siku moja. Alinipa neno lake, nami nikalitafuta langu."

Hatukuwa na la kusema. Tulikaa. Tukalichukua gazeti la juu katika lile rundo, tukalikunjua, tukasema, "Basi, Mzee, tueleze dokezo la kwanza." Akatutazama sana, akavaa miwani. Akasema, "Ni mnyama, achukua mizigo, herufi tatu." Tukasema, "Ngamia?" Akasema, "Mwalimu, ngamia wa Kiingereza ana herufi tano. Umesoma wapi wewe?" Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa ni punda, ASS, na tulipaswa kujua. Wale waliotungoja jioni ile walingoja kidogo.

Tangu siku hiyo twapita kwake kila Jumanne na Alhamisi, na siku nyingine mjukuu wake wa kike, aliye kidato cha pili, huketi naye. Mtoto yule ana simu nzuri kuliko yetu. Tumemsikia akimwambia, "Babu, nimeliona jibu, lakini sikwambii. Linaanza na herufi S." Babu yake humkemea, "Nani alikuuliza herufi? Nieleze ni kitu gani!" Mara nyingi hawalimalizi. Gazeti hulala na miraba mitatu mitupu, na kesho yake babu huanza kwa kufungua majibu, akapiga goti lake kwa mkono na kusema, "Ah, kumbe!"

Basi, kijana wetu, jibu letu ni hili. Tazama kamusi bila hofu. Simu itumie mwisho, nayo uiombe herufi moja kabla ya kuiomba neno zima. Jibu la kesho lisome kwa bidii. Lakini kwanza kabisa mpelekee baba yako dokezo moja, kwa maana gazeti ni lake naye hununua kila siku. Umweleze kwa Kiswahili, wala usimtake ajue Kiingereza chake. Huenda akakosa. Mwache akose, mbishane. Na siku yeye atakapokuja kwako na neno lililomshinda, hata kama jibu walijua, usimtupie kama sisi tulivyomtupia mzee wetu. Keti kwanza, umwulize amefika wapi.

Nasi twawaachia wasomaji wote dokezo moja la Kiswahili, ili mlijaribu nyumbani baada ya chakula: "Kasa akisemwa kinyume asema, Winda! Herufi 4." Njia yake tumekwisha kuieleza hapo juu. Jibu tutalichapa mwezi ujao, na atakayeshindwa na atupe mji.